Umbali wa Ndege na Muda wa Safari: Mfano wa Mombasa na Nairobi

Umbali wa ndege kati ya viwanja viwili ni urefu wa mstari mfupi kuliko yote unaoweza kupita juu ya uso wa dunia kutoka uwanja mmoja hadi mwingine. Kwa kuwa dunia ni mviringo, mstari huo ni kipande cha duara linaloigawa dunia nusu mbili zilizo sawa, na ndiyo sababu njia za masafa marefu huonekana zimepinda kwenye ramani bapa.

Kutoka Uwanja wa Kimataifa wa Moi, Mombasa, hadi ule wa Jomo Kenyatta, Nairobi, mstari huo ni takriban kilomita 423. Marubani huhesabu kwa maili za baharini, kila moja ikiwa kilomita 1.852, kwa hiyo kwao ni kama maili 228. Reli ya SGR ina kilomita 470 hivi, na barabara huzidi hapo kidogo.

Ndege ya jeti ikiwa juu huenda kama kilomita 850 kwa saa. Ukigawa 423 kwa 850 utapata nusu saa, lakini tiketi huonyesha saa moja hivi, na wasafiri wengi hudhani kwamba shirika limejiongezea muda. Dhana hiyo si ya haki. Muda wa tiketi huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho, wala si magurudumu yanapoiacha ardhi, na huisha inapoegeshwa kule iendako. Ndani yake mna kutembea hadi njia ya kurukia, kungoja zamu, kupanda, kushuka na kufuata maelekezo ya waongozaji wa ndege.

Kupanda na kushuka ndiko kunakokula muda zaidi. Jeti inayokuja Mombasa ikiwa mita 10,000 juu huhitaji kuanza kushuka kilomita 180 hivi kabla ya uwanja, yaani kabla hata ya kuipita Voi, na awali imekwisha kutumia masafa marefu ikipanda kutoka Nairobi. Kipande cha katikati cha kwenda kasi kamili hubaki kifupi mno, ndiyo maana ndege ya pangaboi, ambayo ni ya polepole zaidi, haiachwi nyuma sana katika safari hii.

Upepo nao una neno lake. Njia kuu ya kurukia ya Mombasa imelala kaskazini-mashariki kwa kusini-magharibi, na ndege hutua ikiukabili upepo. Hivyo majira ya kaskazi na ya kusi hubadilisha upande wa kuingilia, na mzunguko wa mwisho ukaongeza au kupunguza dakika kadhaa.

Katika safari za nje kuna jambo jingine: tiketi huandika saa ya mahali husika. Dubai, iliyo kilomita 3,670 hivi kutoka Mombasa, iko mbele yetu kwa saa moja. Ndege ikiondoka hapa saa tatu asubuhi na kusafiri saa tano, sisi tutakuwa saa nane mchana, ila tiketi itasema saa tisa. Na wakati wa kurudi, safari ya saa tano zilezile itaonekana kwenye tiketi kama ya saa nne.