Kuskani kitabu hakumalizi kazi ya maktaba

Dhana: Kitabu kikishaskaniwa, cha karatasi kinaweza kutupwa.

Hii ndiyo dhana yenye hasara kubwa kuliko zote, maana kosa hugunduliwa karatasi zikiwa zimeshakwenda. Ukurasa mmoja wa A4 wenye rangi, ukiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi bila kubanwa, huchukua takriban megabaiti 26. Kitabu cha kurasa 200 hupita gigabaiti 5. Kwa kuogopa uzito huo, wengi hubana picha kupita kiasi. Herufi hufifia kingoni, na programu ya kutambua maandishi huanza kubahatisha. Ikiwa imeachwa kwenye Kiingereza, ritifaa ya “ng'ombe” hupotea, na atakayelitafuta neno hilo baadaye ataambiwa halimo. Tesseract, programu ya bure ya kutambua maandishi, ina Kiswahili: kichague kwanza, kisha linganisha kurasa kumi na kitabu chenyewe kabla ya kuendelea.

Kitabu kikuukuu chenye jalada gumu kisilazwe bapa juu ya kioo cha skana, mgongo utapasuka. Kiegemeze kwenye kitako chenye umbo la V, kifunguke nyuzi 90 hivi, upige picha kwa kamera. Weka nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja iwe nje ya jengo. Flashi iliyosahaulika kwenye droo si hifadhi, kwani data yake inaweza kufutika ikikaa miaka bila umeme. Kila mwaka fungua faili uone kama bado zinasomeka.

Dhana: Kitabu pepe kikinunuliwa na maktaba ni chake daima.

Mara nyingi kinacholipiwa ni leseni. Mwaka 2011 kampuni ya uchapishaji ya HarperCollins iliziwekea maktaba kikomo cha kuazimisha mara 26, kisha walipe upya. Leseni nyingine huisha baada ya miaka miwili. Nyingi pia huruhusu msomaji mmoja kwa wakati mmoja, ndiyo maana unapanga foleni kusubiri faili. Mkutubi hakunyimi kitabu, ni mkataba unaombana.

Dhana: PDF iliyoingia kwenye kundi la WhatsApp ni ya wote.

La. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kitabu hulindwa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Aliyefariki 1980 analindwa hadi mwisho wa 2030.

Dhana: Kila kitu kimo mtandaoni.

Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, kwenye Barabara ya Banda, iliyofunguliwa 1931, ina magazeti ya enzi za ukoloni ambayo Google haiwezi kukuletea yote. Matawi yake ya Kaloleni na Makadara humpa mwanafunzi wa Eastlands meza na utulivu, vitu ambavyo simu haina. Ukienda kutafuta gazeti la zamani, beba jina lake na tarehe, hata ya kukadiria. Ombi la “habari za zamani za Nairobi” humpotezea mkutubi asubuhi nzima. “Machi au Aprili 1952” humpa mahali pa kuanzia.