Kijana, televisheni si redio

Juzi kijana mmoja kutoka Jinja aliniletea sauti aliyojirekodi kwa simu akitangaza mechi. Dakika nne na nusu, hata pumzi hakuvuta. Ilipoisha akanitazama kwa fahari: "Mwalimu, umesikia? Sijanyamaza hata mara moja." Nilimkaribisha chai kwanza, maana ningejibu pale pale ningemvunja moyo. Wanaotaka kutangaza mpira kwenye televisheni hunijia karibu kila wiki hapa Kampala, na sentensi hiyo wanakuja nayo kana kwamba wameambizana njiani. Sasa naijibu kwa maandishi. Atakayekuja kesho nitampa asome kwanza, ndipo tuongee.

Dhana: Mtangazaji hodari hanyamazi

Huyo ni wa redio. Msikilizaji wa redio yuko shambani, yuko juu ya boda, yuko jikoni anamenya matoke. Wewe ndiye macho yake. Lazima umwambie mpira uko upande gani, nani anao, timu ipi inashambulia goli lipi, na matokeo uyarudie kila baada ya muda mfupi kwa sababu kuna mwingine amefungua redio sasa hivi.

Mtazamaji wa televisheni ana macho yake. Matokeo yako kwenye kona ya skrini, saa inakimbia hapo hapo, na krosi ameiona ikiondoka mguuni mwa winga. Ukimwambia "anapiga krosi" umempa nini? Mpe asichokiona: jina la aliyejificha kwenye msongamano wa miguu kumi, sababu ya beki wa kulia kutopanda leo, kadi ya njano inayomfanya kiungo aogope kugusa mtu. Ukishampa, iachie picha.

Najua ugonjwa huu tuliupata wapi. Redio ilitulea, kisha vibanda vya video vikamalizia malezi. Ukikua unasikiliza ma-VJ wakitafsiri filamu kwa Kiganda bila kupumua, sikio lako linaamini kwamba ukimya ni hitilafu ya mitambo. Lakini VJ ni mkalimani na mchekeshaji kwa wakati mmoja, akinyamaza hadhira inapotea. (Nawapenda sana, asije mtu kunigombanisha nao.) Goli halihitaji mkalimani.

Kumbuka uwanja wa Namboole, tarehe 4 Septemba 2016, mechi ya kufuzu AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, iliyokuwa inakwenda kuchezwa Gabon. Uganda 1, Comoros 0, bao la Farouk Miya. Cranes, timu yetu ya taifa, walikuwa hawajaonekana kwenye fainali za AFCON tangu 1978, mwaka ule walipofika mechi ya mwisho kabisa wakafungwa 2-0 na wenyeji Ghana. Filimbi ya mwisho inapolia siku kama hiyo, watu wazima wanalia jukwaani. Wewe una neno gani zito kuliko hilo? Sentensi moja inatosha: tangu 1978, na sasa tunakwenda Gabon. Kisha funga mdomo. Pembeni mwa uwanja kuna vipaza sauti vilivyowekwa mahususi kwa ajili ya kelele za mashabiki, na fundi wa sauti anasubiri umpe nafasi avipandishe. Mwongozaji naye ana kamera kwa kocha, kamera kwa mfungaji, kamera kwa mzee anayefuta machozi kwa kofia. Ukiendelea kubwata, kazi ya watu ishirini umeimwagia maji.

Wamarekani walikuwa na Vin Scully, aliyetangaza mechi za Dodgers, timu ya besiboli, kwa misimu 67. Mwaka 1988, kwenye mchezo wa kwanza wa fainali, Kirk Gibson aliingia akiwa anachechemea na kupiga mpira uliomaliza mchezo. Scully alisema mpira umekwenda, kisha akakaa kimya zaidi ya dakika moja hewani. Zaidi ya dakika moja! Nikiwasimulia vijana wangu wanadhani kipaza sauti kiliharibika.

Dawa yangu ni karanga. Weka mabakuli mawili mezani, la kushoto na karanga hamsini, la kulia tupu. Fungua mechi, zima sauti, anza kutangaza. Kila unaposema kitu ambacho picha imeshakionyesha, hamisha karanga moja. Bakuli la kushoto likiisha kabla ya mapumziko, bado wewe ni mtu wa redio. Kijana wa Jinja alimaliza zake dakika ya kumi na saba, akaniomba nimwongezee. Nikamwambia ale zile.

Dhana: Ukijua mpira, umemaliza

Hapa sibishani sana, natoa tu mtihani. Paris 2024, fainali ya mita 10,000, mizunguko 25, Mganda mwenzetu Joshua Cheptegei ndani. Utasema nini kwa karibu dakika ishirini na saba? Shabiki atapiga kelele mizunguko miwili ya kwanza, kisha ataanza kurudia jina la Cheptegei kama kasuku. Aliyejiandaa anakuja na hesabu: rekodi ya Olimpiki ilikuwa 27:01.17 ya Kenenisa Bekele tangu Beijing 2008, yaani wakikimbia kila mzunguko kwa chini ya sekunde 65 rekodi iko hatarini. Basi Waethiopia wanapopokezana kuongoza kwa kasi ile, unajua tayari kwamba hizi si mbio za kuviziana, na una cha kusema Cheptegei akiwa bado ametulia nyuma. Alimaliza kwa 26:43.14. Hesabu hiyo haifanywi usiku wa mbio, hufanywa mezani siku kadhaa kabla, kwa kalamu.

Nasisitiza kalamu. Kadi moja kwa kila mchezaji, umeiandika kwa mkono wako: namba ya jezi, mguu anaoutumia, alikotoka, na jina linavyotamkwa kwao. Mganda anayeliharibu jina la Kisebei kama Chemutai au Kiplimo hana udhuru. Kapchorwa, kwao Wasebei, si mbali, na kumpigia Msebei simu hakugharimu kitu.

Nyingine, kwa haraka

"Sina sauti nzito." Sauti nzito ni ya matangazo ya vifo. Inayotakiwa ni yenye kupanda na kushuka, na isiyokauka dakika ya themanini. Maji ya uvuguvugu, na soda baridi usiiguse siku ya mechi.

"Nitasafiri viwanja vyote." Mechi nyingi za nje hutangazwa kutoka chumba kidogo, macho kwenye skrini. Unaona anachokuonyesha mwongozaji wa huko, basi. Kibendera cha mshika kibendera ukikikosa, umekikosa.

"Aliyecheza ndiye anayefaa kutangaza." Aliyecheza anafaa kuwa mchambuzi, akae kando yako. Wewe unasema nani na nini, yeye anasema kwa nini. Kiti chake usikikalie.

"Kiswahili hakina watu Uganda." Hili huniambia vijana wa Kampala wanaodhani ni lugha ya kambi ya jeshi. CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ilichezwa mwaka 2025 Uganda, Kenya na Tanzania kwa pamoja, na AFCON ya 2027 inakuja kwa nchi hizo hizo tatu, tena ombi lenyewe liliitwa Pamoja. Wewe baki unasubiri wasikilizaji.

"Kuna pesa?" Wengi huanza kwa kulipwa kwa mechi, na mechi ikiahirishwa kwa mvua hakuna malipo. Kuwa na kazi nyingine.

Kijana wa Jinja anarudi Jumamosi. Nimemwambia simu aiache nyumbani, aje na kadi ishirini na mbili na karanga zake mwenyewe.