Matumaini ya kitaaluma kwa mwalimu wa Kiingereza

Matumaini ya kitaaluma ni hali ya mwalimu kuamini mambo matatu kwa pamoja: kwamba anaweza kuwafundisha wanafunzi alionao wakaelewa, kwamba wanafunzi hao na wazazi wao ni watu wa kuaminika, na kwamba kazi kuu darasani ni kujifunza. Dhana hii iliibuka Marekani. Mtafiti wa elimu Wayne Hoy na wenzake waliieleza mwaka 2006 wakiizungumzia shule nzima, na 2008 wakaihusisha na mwalimu mmoja mmoja.

Jambo la kwanza, kujiamini, ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyelifafanua mwaka 1977, alilifunga kwenye kazi mahususi. Mwalimu wa Rungwe, Tanzania, anaweza kukizungumza Kiingereza vizuri sana, kisha akakosa pa kuanzia mbele ya kidato cha kwanza, ambako watoto waliosoma msingi kwa Kiswahili, na nyumbani huongea Kinyakyusa, ghafla wanatakiwa kusoma hadi baiolojia kwa Kiingereza. Mwenzake wa Makete ana msamiati wa kawaida tu, lakini anajua kwamba akianzia kwenye shamba la viazi, ambalo kila mtoto analijua, atapata sentensi kutoka hata kwa yule wa dawati la nyuma. Huyu wa pili ndiye mwenye kujiamini ninakokusema.

Kujiamini huko kunajengwaje? Bandura alitaja vyanzo vinne, na chenye nguvu kuliko vyote ni mtu kufanya kazi mwenyewe akafanikiwa. Kinafuata kumwona mtu anayefanana naye akifanikiwa, kisha maneno ya kutiwa moyo, kisha hali ya mwili na hisia. Kwa hiyo semina ya kutiana moyo peke yake ni haba. Mwalimu mwanafunzi kutoka chuo cha Mkwawa au Mpuguso aliyeko kwenye mazoezi ya kufundisha atavuna zaidi akikaa kwenye kipindi cha mwalimu wa shule hiyohiyo, mwenye darasa lilelile lililojaa na vitabu vilevile vichache, halafu kesho yake akafundisha mwenyewe.

Kuamini wanafunzi ndiko kunakovunjika upesi. Kauli kama “watoto wa huku Kiingereza hawakiwezi” huanzia ofisi ya walimu na kuingia darasani: maswali yanakuwa mepesi, mwalimu anajijibu mwenyewe, na dakika 40 za kipindi zinaishia kwenye kunakili ubaoni.