Kabla ya Sola, Mchunguze Anayepaua

Swali limenifikia tena, safari hii kutoka kwa mteja aliyekwisha kununua kiwanja Kigamboni na kulipia ramani: je, naweza kumtajia fundi yeyote mwenye bei nafuu, maadamu suala la umeme atalimaliza mwenyewe kwa kufunga sola na AC za inverta? Nimelijibu swali hili kwa upole kwa muda mrefu, kwenye simu, ofisini na hata msibani, na upole wenyewe sasa umekwisha. Naandika hapa mara moja, ili kila atakayeuliza tena nimtumie ukurasa huu na kuendelea na kazi zangu.

Imani iliyojificha ndani ya swali hilo ni kwamba nyumba inayotumia umeme kidogo hununuliwa dukani baada ya ujenzi kwisha. Tufanye hesabu. AC ya BTU 12,000 ya kawaida huvuta takriban kilowati moja inapofanya kazi kwa nguvu zote. AC mbili za namna hiyo zikilazimika kufanya kazi saa nane mfululizo usiku, kwa sababu dari na kuta bado zinatema joto la mchana, zinaweza kula uniti 16 kwa usiku mmoja, na mteja wa TANESCO wa kundi la D1, yaani la matumizi madogo ya nyumbani, ambaye kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi, atakuwa amekivuka kabla wiki haijaisha. Inverta itapunguza matumizi, sikatai, lakini hupunguza kasi pale tu chumba kinapokuwa kimepoa, na chumba kinachopashwa joto kutoka juu hakiipi nafasi hiyo. Sola nayo huzalisha mchana ilhali wewe unataka kulala usiku, kwa hiyo utanunua betri, na betri zitameza fedha ambazo zingetosha kurefusha upenu kuizunguka nyumba nzima.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri hupita juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, na katika miezi mingine haliondoki mbali sana na utosi. Maana yake ni kwamba paa ndilo linalopokea sehemu kubwa ya joto, likifuatiwa na ukuta wa mashariki asubuhi na wa magharibi alasiri. Mimi naweza kuchora paa zuri kadiri nipendavyo, lakini anayeamua litakuwaje ni yule anayesimama juu ya kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, na nyundo mkononi siku ambayo mimi sipo na mwenye nyumba yuko kazini. Kumchagua mtu huyo ndiko kuchagua bili yako ya umeme.

Usajili ni jambo la lazima, nami sitatumia muda mrefu juu yake. Mkandarasi awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na uthibitishe usajili huo kwenye bodi yenyewe badala ya kuridhika na nakala ya cheti kwenye simu. Ila fahamu kile unachothibitisha. Madaraja ya makandarasi wa majengo, kuanzia la kwanza hadi la saba, yanahusu ukubwa na thamani ya kazi ambayo mtu anaruhusiwa kuifanya, na hayasemi lolote kuhusu uelewa wake wa joto. Nimewahi kuona kazi ya mkandarasi wa daraja la juu iliyokuwa tanuri, na kazi ya fundi wa mtaani ambaye hakuwa na hata kadi ya biashara iliyokuwa na ubaridi wa kupendeza. Hilo halimaanishi umkabidhi nyumba fundi maiko, yule wa kubahatisha asiye na mafunzo. Linamaanisha kwamba cheti kinajibu swali moja, nawe una maswali mengine.

Swali la kwanza halihitaji hata kuulizwa. Mwombe akupeleke kwenye nyumba aliyoimaliza na ambayo watu wanaishi, na uchague wewe saa ya kwenda: saa tisa alasiri, siku ya jua kali, AC ikiwa imezimwa tangu asubuhi. Usiangalie vigae. Simama katikati ya sebule, kisha panda kiti uguse dari ya jipsamu. Ikiwa dari ina joto linalokufanya uondoe mkono, basi kila aliye ndani ya nyumba hiyo ana pasi juu ya kichwa chake, na hata hewa ya chumba ikipozwa, mwili wake utaendelea kupokea mionzi kutoka juu. Kama wenyeji ni wakarimu, waulize wananunua LUKU ya kiasi gani mwezi wa pili na kiasi gani mwezi wa saba. Tofauti kati ya miezi hiyo ina habari zaidi kuliko albamu nzima ya picha zilizopigwa machweo taa zote zikiwa zimewashwa. Mkandarasi anayekwepa ziara ya saa tisa na kupendekeza jioni ameshakujibu.

Sasa nije kwenye foili, na hapa naomba uvumilivu, kwa maana ndipo ninapopoteza wangu. Mafundi wengi wa mjini wamekwisha kusikia kwamba karatasi ya alumini huwekwa chini ya bati ili kuzuia joto, na wateja wengi huilipia. Bati lenye rangi iliyokoza likipigwa na jua la mchana huweza kupita nyuzi 60 za selsiasi. Joto hilo hushuka ndani hasa kwa njia ya mionzi, kwa sababu hewa ya moto yenyewe hupenda kubaki juu. Alumini safi inayong'aa ina tabia mbili zinazotusaidia: hurudisha sehemu kubwa ya mionzi inayoijia, na inapokuwa yenyewe imepata moto, hutoa sehemu ndogo sana ya mionzi ambayo uso mweusi wenye joto hilohilo ungeitoa, takriban asilimia 5. Tabia zote mbili hufanya kazi pale tu uso unaong'aa unapotazama nafasi ya hewa. Uso huo ukigusana na bati, hakuna mionzi ya kurudisha. Joto linapita moja kwa moja kutoka chuma hadi chuma.

Fundi hufanya nini? Huitandaza foili juu ya papi, zile mbao nyembamba zinazopigiliwa bati, upande unaong'aa ukitazama juu, kisha hulaza bati juu yake na kugongelea misumari. Ukimuuliza kwa nini upande unaong'aa uko juu, atakujibu kwa uhakika kabisa kwamba unarudisha jua. Jua gani, mwenzangu, ndani ya giza la chini ya bati? Ikiwa foili hiyo ina upande mmoja tu wa alumini na upande wa pili ni plastiki, basi mteja amelipia plastiki. Njia sahihi ni kuitandaza juu ya kenchi na chini ya papi, ili unene wa papi uache nafasi ya hewa ya sentimita mbili na nusu au zaidi, na upande unaong'aa utazame chini, kwa kuwa uso unaotazama juu hukusanya vumbi na baada ya muda huacha kung'aa. Wapo wenzangu watakaosema kwamba foili iliyogusana na bati lakini inayong'aa upande wa chini bado inasaidia, nao wako sahihi, kwa sababu ile tabia ya pili inabaki. Inapotea sehemu ya faida, haipotei yote. Lakini muulize mkandarasi wako swali hili kabla ya kusaini: upande unaong'aa utatazama wapi, na kwa sababu gani? Sihitaji anijibu kwa lugha ya fizikia. Nataka kuona kama amewahi kujiuliza.

Ongeza swali la pili kuhusu paa hilohilo: hewa ya moto iliyo kati ya bati na dari itatokea wapi? Mtindo wa sasa ni kuziba kila upenyo kwa fishabodi na jipsamu hadi chini ya upenu, kisha kupaka rangi nyeupe, na nyumba inakuwa imefungiwa hewa ya moto juu ya dari. Matundu ya chini ya upenu na ya juu karibu na kilele cha paa, yakiwa na wavu mgumu wa kuzuia popo na panya, hugharimu kidogo mno ukilinganisha na paa lenyewe. Kuhusu rangi ya bati sina mengi: nyeupe au kijivu cheupe ni bora kuliko ile rangi ya mkaa inayopendwa siku hizi. Nakiri tu kwamba, kwa vumbi na ukungu wa Pwani, sijui kwa hakika weupe huo unabaki na nguvu yake kwa miaka mingapi bila kuoshwa, na sijakutana na mwenye nyumba anayepanda kuosha bati.

Upenu ndio mgogoro wangu mwingine. Dirisha la urefu wa mita moja na nusu linalotazama kaskazini hapa Dar es Salaam linahitaji upenu wa karibu sentimita 90 ili likingwe na jua la adhuhuri la mwezi wa sita, linapokuwa kwenye kimo cha nyuzi 60 hivi. Upande wa kusini, karibu nusu ya kipimo hicho inatosha kwa jua la adhuhuri la Desemba. Ni hesabu ya dakika chache, na wazee waliojenga nyumba zenye baraza na upenu mrefu wa makuti waliijua bila kikokotoo. Sisi tumeamua kujenga nyumba za kontemporari ambazo paa lake limefichwa nyuma ya ukuta na ambazo hazina upenu hata wa kumkinga kuku. Mteja akinisisitizia umbo hilo, namchorea vivuli vya zege juu ya kila dirisha, na hapo ndipo mkandarasi hujaribiwa. Mkandarasi mbaya humpigia mteja simu na kumwambia, "Bosi, vile vivuli nimevitoa, nimekuokolea zege na nondo." Mteja hushukuru. Hata kwenye mapaa ya kawaida, upenu niliouchora kwa sentimita 90 hurudi ukiwa 45, kwa sababu bati lilikuwa na urefu fulani na fundi hakutaka kuunga.

Kwa hiyo, unapozungumza na wateja wake wa zamani, usiwaulize tu kama alimaliza kwa wakati. Waulize ni mabadiliko gani yalifanyika katikati ya kazi, na nani aliyapendekeza. Kama unaweza, chukua ramani ya nyumba mojawapo uende nayo pamoja na futi kamba, upime upenu na madirisha. Mkandarasi ninayemtaka ni yule anayenipigia simu kugombana nami kabla ya kubadili.

Madirisha nayapitia haraka, ingawa hapa ndipo nina mashaka makubwa kuliko vitabu vyangu. Dirisha la aluminiamu la kusukuma pembeni hufunguka nusu tu ya upana wake, kwa hiyo ukinunua mita mbili unapata upepo wa mita moja. Lile la kufunguka kwa bawaba hukupa karibu lote. Mkandarasi anayefahamu atakuuliza Kaskazi na Kusi vinaingia upande gani wa kiwanja kabla ya kukuuliza rangi ya fremu. Lakini michoro ya vitabuni yenye mishale mizuri ya upepo ikipenya chumbani haina wavu wa mbu, haina grili, na haina fensi ya tofali ya jirani umbali wa mita tatu. Wavu peke yake hupunguza sana upepo, na huwezi kumwambia mtu aishi bila wavu mahali penye malaria. Katika mkoa wa Mtwara zimejengwa nyumba 110 za majaribio, za ghorofa moja, zenye kuta nyepesi za wavu na vyumba vya kulala juu, ambako upepo ni mwingi na mbu ni wachache. Navutiwa nazo. Sina hakika mteja wangu wa Kigamboni, mwenye hofu ya wezi, angekubali kulala ndani ya ukuta wa wavu.

Jihadhari pia na mkandarasi aliyejifunza nyumba za kuokoa nishati kupitia video za nchi za baridi. Nyumba ya kwanza ya Passivhaus, mtindo wa nyumba zinazohitaji nishati kidogo mno, ilijengwa Darmstadt, Ujerumani, mwaka 1991, na sharti lake maarufu, kilowati-saa 15 kwa mita ya mraba kwa mwaka, linahusu kiasi cha joto kinachohitajika kuipasha nyumba. Anayekushauri uweke vioo vikubwa upande wa kusini ili upate jua anakusomea ushauri wa Wajerumani. Hali kadhalika kuta nene: Dodoma na Iringa, ambako usiku hupoa kweli, ukuta mzito hukusaidia, lakini Pwani usiku haupoi vya kutosha, na ukuta wa tofali wa magharibi uliopigwa jua huanza kukurudishia joto wakati wa kulala. Kuna nyumba za mawe zenye kuta nene za Mji Mkongwe, Zanzibar, nazo ziko Pwani, zinazonifanya nisite kusema hivyo kwa sauti kubwa.

Baada ya hapo yanabaki malipo. Kama unanunua vifaa mwenyewe na kumlipa fundi kwa hatua, msingi, boma, kupaua na umaliziaji, usilipe hatua ya kupaua kabla hujapanda ngazi na kuona foili kwa macho yako, kwa maana dari ikishafungwa hakuna atakayeiona tena. Kama ni mkataba kamili, foili, nafasi ya hewa, matundu ya paa na urefu wa upenu viandikwe kwenye BOQ, yaani orodha ya kazi, vifaa na vipimo vyake, kila kimoja kwa mstari wake na kipimo chake, visifichwe ndani ya neno "paa". Sehemu ya fedha inayozuiliwa hadi kipindi cha matazamio, cha kungoja kasoro zijitokeze, kiishe iwe ya maana, na kipindi chenyewe, kiwe cha miezi sita au kumi na miwili, kipangwe kiasi kwamba Januari na Februari ziwe ndani yake.