Kubadilisha diski ya kompyuta mpakato: dhana potofu na ukweli wake

Dhana: Kompyuta ya zamani haifaidiki na SSD (diski inayohifadhi data kwenye chipu), kwa kuwa kiolesura chake cha SATA, yaani njia inayounganisha diski na kompyuta, ni cha polepole.

Ukweli: Kinachomchosha mtumiaji ni kungoja diski itafute faili. Katika diski inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua takriban milisekunde 11, na kabla ya kusoma chochote ni lazima kichwa cha kusomea kisogee hadi mahali panapohusika. Mfumo endeshi unapowaka husoma maelfu ya faili ndogondogo, na kila moja huongeza kungoja huko. SSD haina kitu kinachozunguka, hivyo hata ile ya SATA hubadilisha kabisa hali ya kompyuta iliyodhaniwa kuwa imechoka. Ila kama kumbukumbu ya RAM ni ndogo mno, SSD pekee haitaziba pengo hilo.

Dhana: Diski yoyote ya M.2 itafanya kazi katika tundu lolote la M.2.

Ukweli: Hapa ndipo fedha za watu wengi zinapopotelea, nami naomba msomaji apasome taratibu. M.2 ni jina la umbo tu, la diski nyembamba kama kijiti na tundu lake. Ndani ya umbo hilohilo kuna diski za SATA, ambazo kasi yake hukomea karibu megabaiti 550 kwa sekunde, na kuna za NVMe, ambazo hupitia PCIe, njia za kasi zaidi za ubao mama, na ambazo zile nzuri za kizazi cha tatu hufikia takriban megabaiti 3,500. Yapo matundu yanayokubali aina moja pekee. Ukichomeka nyingine, hata ikikaa sawasawa, kompyuta haitaitambua. Idadi ya mapengo kwenye ukingo wenye meno ya shaba hudokeza aina ya diski, lakini si ushahidi kamili, kwa hiyo mwongozo wa modeli yako ndio wa kuaminiwa. Angalia pia urefu: 2280 maana yake ni upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80, na kuna kompyuta zenye nafasi ya 2242 au 2230 tu. Nyingine diski yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao mama, na hiyo haibadilishiki kwa bisibisi.

Wakati wa kuifunga, diski huingizwa kwa mshazari, kisha hulazwa na kukazwa kwa skrubu moja ndogo. Ukiiachia kabla ya kuweka skrubu itainuka yenyewe, usidhani umeiharibu.

Dhana: SSD hufa mapema kwa sababu ya kuandikwa mara nyingi.

Ukweli: Diski nyingi za terabaiti 1 hupewa dhamana ya kuandikwa takriban terabaiti 600. Anayeandika gigabaiti 40 kila siku angehitaji miaka 41 kufika huko. Diski inaweza kufa ghafla kwa hitilafu nyingine, na ndiyo maana nakala rudufu haikwepeki.

Dhana: Ni lazima kuanza upya na kununua leseni nyingine ya Windows.

Ukweli: Programu za kunakili diski huhamisha kila kitu kama kilivyo, na leseni ya kidijitali ya Windows 10 au 11 hufuata zaidi ubao mama kuliko diski. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayosimba data ya diski, hifadhi ufunguo wa kurejesha mahali pengine kabla ya kugusa chochote.

Dhana: Ukishafomati diski ya zamani, unaweza kumpa mtu.

Ukweli: Kufomati kwa haraka huondoa orodha ya faili tu. Diski ya kuzunguka inahitaji kuandikwa upya yote kuanzia mwanzo hadi mwisho, na SSD inahitaji amri ya ufutaji salama inayopatikana katika programu ya mtengenezaji wake. Lakini usifanye lolote kati ya hayo kabla diski mpya haijafanya kazi siku kadhaa bila tatizo, kwa maana hadi wakati huo ile ya zamani ndiyo nakala yako.