Je, wajua kwa nini usukani wa ndege ndogo hulegea asubuhi ya baridi?

Asubuhi ya Julai pale Kisongo, kwenye uwanja wa ndege wa Arusha, kipimajoto cha hanga, yaani banda la ndege, kinaweza kusoma nyuzi 13. Rubani anakagua ndege yake kabla ya safari. Anashika usukani wa Cessna, anautikisa taratibu kulia na kushoto, na anahisi nafasi: mkono umeshasogea, eleroni, kile kipande kinachopanda na kushuka nyuma ya bawa, haina habari. Jana saa nane mchana, ndege hiyohiyo ikiwa imeegeshwa juani Moshi, usukani ulikuwa umekaza vizuri. Usiku hakuna aliyeigusa. Basi kimelegea nini?

Bodi ya ndege ni alumini, lakini kebo zinazotoka kwenye usukani hadi mabawani na mkiani ni za chuma. Vyote viwili husinyaa kwenye baridi, ila alumini husinyaa karibu mara mbili ya chuma cha kawaida. Chukua kebo iliyonyooka mita 6, joto likishuka nyuzi 20. Bodi inapungua karibu milimita 2.8, kebo inapungua milimita 1.4 tu. Kebo sasa ni ndefu kuliko nyumba yake, kwa kiasi cha zaidi ya milimita moja. Ni kidogo, lakini kebo haivutiki ovyo, kwa hiyo upungufu huo mdogo hula pauni nyingi za mkazo. Kebo za chuma kisichoshika kutu hubadilika kwa karibu zaidi na alumini, na ndiyo maana ndege mbili za aina moja zaweza kutofautiana asubuhi moja.

Hewani mambo ni yaleyale. Kila ukipanda futi 1,000, joto hushuka nyuzi 2 hivi. Kisongo penyewe ni kama futi 4,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ndege ikiondoka hapo na kupanda hadi futi 12,500 inaingia kwenye hewa yenye baridi ya nyuzi 16 zaidi. Kebo iliyokazwa kwa kubahatisha kwenye joto la Moshi itakuwa imelegea kweli huko juu, na rubani aliyechungulia dirishani ataona eleroni zote mbili zimeinuka kidogo kwa pamoja, kwa kuwa hewa inazivuta juu na kebo haina nguvu ya kuzizuia.

Hata hivyo, baridi isisingiziwe kila kitu. Ulegevu wa baridi ni laini, hauna mlio, na jua likipanda hupungua wenyewe. Ukisikia "tak" kila unapogeuza usukani, au ulegevu uko kwenye mfumo mmoja tu, au wiki hii umezidi wa wiki iliyopita, hapo kuna kitu kimelika. Na hapa ndipo makosa mengi huanzia: fundi anakimbilia kikazio, ile silinda ndogo ya shaba yenye skrubu kila upande inayounganisha vipande viwili vya kebo, anakizungusha mara mbili tatu, mkono unahisi usukani umekaza, ndege inaruhusiwa. Plei ya beringi, yaani nafasi ya kuchezacheza kwenye kiungo kilicholika, haiondoki kwa kukaza kebo. Kikazio kiguswe mwisho kabisa.

Kuitafuta plei kunahitaji watu wawili. Mmoja anashika usukani kwa nguvu usisogee kabisa. Wa pili anashika ukingo wa nyuma wa eleroni kwa vidole na kuisukuma juu na chini polepole, bila nguvu, kisha anafuata kila kiungo kuanzia kwenye eleroni kurudi ndani: bawaba, fimbo ya kusukuma, mkono wa kugeuzia ulio ndani ya bawa, roda, mpaka mnyororo nyuma ya usukani. Weka kidole kimoja katikati ya kiungo, nusu ya kidole upande huu na nusu upande ule. Upande mmoja ukitembea na wa pili umetulia, umempata mwizi. Mara nyingi ni beringi ya ncha ya fimbo au tundu la bolti lililopanuka na kuwa yai. Fanya vivyo hivyo kwa eleveta, kile kipande cha mkiani kinachoinua na kushusha pua ya ndege, na kibao chake kidogo cha kusawazisha. Kibao hicho usikidharau: plei yake ikizidi kipimo cha kitabu, mkia unaweza kuanza kutetema kwa kasi kubwa, na mtetemo wa namna hiyo huvunja mkia kwa sekunde chache.

Viungo vikiwa vizima, njoo kwenye kebo. Pitisha kitambaa cha pamba urefu wote. Uzi wa chuma uliokatika utakamata kitambaa. Usitumie mkono mtupu, utachanika. Kebo ya usukani ya kawaida ina nyuzi 133 zilizosukwa, na zinazokatika kwanza ni zile zinazopinda juu ya roda, kwa hiyo geuza usukani hadi mwisho wake ili sehemu iliyojificha kwenye roda itoke. Uzi mmoja uliokatika hapo unatosha kuibadilisha kebo. Ndege za Arusha hupata shida mbili kwa pamoja: vumbi la viwanja vya murramu mbugani, ambalo likichanganyika na mafuta huwa msasa, na chumvi ya Zanzibar, ambayo huanzisha kutu ndani ya msuko mahali jicho halifiki. Usiioshe kebo kwa petroli wala dawa ya kuyeyusha grisi. Utaondoa mafuta ya ndani ambayo kiwandani yaliwekwa makusudi.

Sasa mkazo. Ndege ikae ndani ya hanga saa kadhaa ili bodi na kebo vifikie joto moja. Usukani uwe katikati. Chagua kwenye kipima-mkazo kipande kinacholingana na unene wa kebo, pima mbali na roda na viungio, walau inchi 6, rudia mara tatu uchukue wastani. Kisha soma kitabu cha ndege hiyo, kwa namba yake ya utengenezaji. Vitabu vingine vina jedwali la mkazo kwa kila kiwango cha joto. Vya Cessna nyingi hutaja mkazo mmoja kwa joto la wastani la eneo. Wastani wa Arusha si wa Dar es Salaam. Ndege iliyohama inapaswa kupimwa upya.

Usizidishe. Kebo iliyokazwa mno hufanya usukani uwe mzito, hula beringi za roda, na usukani ukiachiwa haurudi katikati. Kwenye kila ncha ya kikazio zisionekane nje zaidi ya hesi tatu za skrubu, na waya wa kufungia urudi palepale.

Kukaza huku pia hubadilisha umbali ambao eleveta inasafiri. Mnamo tarehe 8 Januari 2003, ndege ya abiria aina ya Beechcraft 1900D ilianguka ikiruka kutoka Charlotte, Marekani, na wote 21 waliokuwemo walikufa. Vikazio vya eleveta vilikuwa vimerekebishwa vibaya, hivyo rubani hakuweza kushusha pua inavyotakiwa, na mzigo ulikuwa umeelemea nyuma. Hatua za kupima mwendo wa eleveta baada ya kukaza zilikuwa zimerukwa.

Kwa hiyo baada ya kufunga waya, pima kwa kipimapembe mwendo wa juu na wa chini, hakikisha kikazio hakigusi ukuta wa bodi popote, kisha mwite mtu wa pili mwenye leseni ambaye hakushiriki kazi ile. Yeye anageuza usukani kushoto na kutazama nje: eleroni ya kushoto ipande, ya kulia ishuke. Anavuta usukani kifuani: eleveta ipande. Akiona kinyume, kebo zimepishana, na mifuniko yote inafunguliwa upya.