Ukoga wa ulimi: daktari wa meno hutazama nini akikuambia utoe ulimi?

Wengi hukaa kwenye kiti cha daktari wa meno wakiwa tayari kueleza habari za jino. Wakiambiwa "toa ulimi nje" hushtuka, na wapo wanaoona haya. Haya ndiyo maswali yanayokuja baada ya hapo, na majibu yake.

Shikamoo daktari. Kila nikiamka ulimi wangu ni mweupe. Ni ugonjwa?

Marahaba. Mara nyingi si ugonjwa. Juu ya ulimi kuna vinundu vidogo sana vilivyosimama kama nyuzi za zulia. Katikati yake hunasa chembe za ngozi ya kinywa zilizokufa, mabaki ya chakula, makamasi yanayoteremka kooni kutoka puani, na bakteria wanaojilisha humo. Mchanganyiko huo ndio ukoga wa ulimi. Usiku mate hupungua na ulimi hautafuni, hautemi, hausemi, kwa hiyo alfajiri ukoga huwa mwingi. Ukishakula na kupiga mswaki hupungua. Utando mwembamba unaoacha wekundu wa ulimi uonekane ni hali ya kawaida kabisa. Anayelala mdomo wazi, mvuta sigara, mwenye homa na anayemeza dawa zinazokausha mate huwa na utando mzito zaidi.

Kwa hiyo daktari anatafuta nini?

Mambo matatu: utando umefika wapi, una unene gani, na una rangi gani. Akiandika tu "ulimi mchafu" kwenye faili, hajasaidia. Mwezi ujao hakuna atakayejua kama umepungua au umeongezeka, na daktari mwingine akilipokea faili hilo ataanza upya.

Ndiyo maana vikawekwa vipimo vya kuhesabu. Kimoja, kilichopewa jina la Winkel na kuchapishwa mwaka 2003, huugawa ulimi katika maeneo sita, matatu ya nyuma na matatu ya mbele. Kila eneo hupewa 0 kama halina utando, 1 kama utando ni mwembamba, na 2 kama ni mzito. Jumla huwa kati ya 0 na 12.

Kingine, cha Shimizu, hutumika sana Japani. Hiki huugawa ulimi katika maeneo tisa. Eneo lisilo na utando hupata 0. Lenye utando mwembamba, vinundu vikiwa bado vinaonekana, hupata 1. Na pale ambapo utando umefunika vinundu visionekane, 2. Tuseme mzee fulani ana 2 kwenye maeneo matatu ya nyuma, 1 kwenye matatu ya katikati, na mbele hana kitu. Sita na tatu ni tisa. Tisa kati ya 18, ambayo ndiyo jumla ya juu kabisa, ni asilimia 50, na hapo ndipo Wajapani walipoweka mpaka: kuanzia asilimia 50, kinywa cha mzee huhesabiwa kuwa si safi, na jambo hilo huunganishwa na vipimo vingine vya nguvu za kutafuna, kumeza na kutoa mate.

Nakipenda kipimo hiki kwa sababu hakidai mashine. Kinahitaji mwanga mzuri, macho, na kalamu. Zahanati yoyote inaweza kukifanya leo hii.

Nijiandaeje kabla ya kupimwa?

Usikwangue ulimi asubuhi hiyo, maana utakuwa umefuta ushahidi. Pia mweleze daktari ulichokula. Zambarau, ubuyu wa rangi, tambuu na kahawa hubadilisha rangi ya ulimi, na dawa ya maji ya kuongeza damu huweza kuutia weusi. Nimeshaona mtoto akiletwa mbio kwa ulimi wa zambarau tupu.

Utando ndio unaoleta harufu mbaya mdomoni?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo, hasa ule wa nyuma kabisa ambao mwenyewe huuoni kwenye kioo. Bakteria wa huko wanaishi pasipo hewa ya oksijeni. Wanavunjavunja protini na kutoa gesi zenye salfa, mojawapo ikiwa ile inayonuka kama yai viza. Ukitaka kujua, kwangua taratibu nyuma ya ulimi kwa kijiko safi, subiri kidogo, kisha nusa kijiko. Lakini fizi zinazotoka damu na meno yaliyotoboka nayo hunuka. Usikazane na ulimi peke yake na kuyaacha hayo.

Nitajuaje kama si ukoga bali kitu kingine?

Hapa naomba usome polepole. Ukoga hukwanguka, na chini yake ulimi ni mzima. Fangasi za mdomoni nazo huweza kufutika, lakini huacha pekundu panapowasha au kutoa damu kidogo. Huwapata zaidi wenye kisukari, wanaoishi na VVU ambao kinga yao imeshuka, wanaovuta dawa ya pumu ya steroidi bila kusukutua, na wanaolala na meno bandia.

Doa jeupe lisilofutika hata kidogo ni habari nyingine. Likiwa ubavuni mwa ulimi, na lina mistari kama nywele, laweza kuashiria kinga iliyoshuka kwa VVU, na kupima damu ni jambo la busara. Madoa mengine meupe ya namna hiyo, hasa kwa watumiaji wa tumbaku, ugoro na pombe, yanaweza baada ya muda kugeuka saratani. Doa, uvimbe au kidonda kikizidi wiki mbili, nenda ukaonwe hata kama hakiumi.

Ulimi wenye mabaka mekundu yanayohamahama kama ramani, kwa kawaida, hauna madhara.

Mtoto wangu wa miezi miwili ana ulimi mweupe.

Futa kwa kitambaa laini chenye maji safi. Maziwa hutoka. Weupe ukibaki, na ukiuona huohuo mashavuni kwa ndani, mpeleke kliniki, na wewe mama waambie kama chuchu zinauma.

Nisafishe vipi?

Toa ulimi, anza nyuma unapovumilia, vuta kikwanguo cha ulimi kuja mbele taratibu, kisuuze, rudia mara tatu au nne. Mara moja au mbili kwa siku inatosha. Mswaki laini unafaa pia, ingawa kikwanguo huwafanya wengi wasitapike. Wapo wanaokwangua hadi damu wakidhani ndipo pasafi. Jamani, hapo umejeruhi.

Wala usitamani kuua bakteria wote. Baadhi ya wanaokaa ulimini hubadili naitreti, kemikali ya asili iliyomo katika mboga kama mchicha kuwa kitu kinachosaidia mishipa ya damu kutanuka. Dawa kali za kusukutua zitumike kwa muda aliosema daktari. Zile zenye klohexidini, dawa ya kuua vijidudu, zikizidishwa hutia madoa ya kahawia kwenye meno na ulimi, na kuvuruga ladha.

Mama yangu alipata kiharusi, yupo kitandani. Ulimi wake una utando mzito kama magome. Tumwache apumzike?

Hapana, msimwache hivyo. Yeye ndiye anayehitaji kupimwa ulimi kuliko sisi wote. Hatafuni sana, mate yake ni machache, na akimeza vibaya, mate yenye bakteria huweza kushuka mapafuni na kumletea nimonia.

Mwinueni kichwa, mgeuzeni kidogo ubavu, taulo chini ya kidevu. Lowesheni kwanza ule utando kwa gozi (kitambaa cha kufungia vidonda) yenye maji, msubiri dakika chache ulainike, kisha sugueni kwa mswaki laini kuja mbele, mkifuta kila mara. Maji msimmiminie mdomoni. Msilazimishe yote yatoke siku moja. Piga picha ya ulimi leo, mchana, karibu na dirisha, na nyingine baada ya wiki mbili mahali palepale, kisha mkaonyeshe zote kliniki.